Mkato kabla ya "who" na "which": unawekwa lini?

Msaka Sarufi:
Wakuu, naomba ushauri. Sentensi hizi zinatofautianaje?

"The students who came late were punished."
"The students, who came late, were punished."

Maneno ni yaleyale. Nitajuaje pa kuweka mkato?

Kalamu ya Mwanzi:
Maana zinaachana kabisa, mkuu. Katika ya kwanza wameadhibiwa waliochelewa tu, waliowahi wamesalimika. Katika ya pili wanafunzi wote wanaosemwa walichelewa, na wote wameadhibiwa. Kishazi kilichozungushiwa mikato, yaani "who came late", ni habari ya nyongeza, hakichagui mtu.

Jaribu kukifuta. Wengi hukosea hapa kwa kuuliza kama sentensi iliyobaki imekamilika kisarufi. Zote mbili hubaki kamili! Uliza kama bado inasema kweli. "The students were punished" ni uongo ikiwa nusu ya darasa haikuguswa, basi mikato haifai. Jina la pekee kwa kawaida hudai mikato kwa sababu halina wa kuchaguliwa kati yake: "London, which lies on the Thames, is old."

Mhariri Mtulivu:
Naongezea. Katikati ya sentensi mikato huwa miwili, wa kufungua na wa kufunga. "My father, who is a doctor works at night" ni kosa, kwa kuwa mkato mmoja uliobaki unakitenga kiima na kitenzi chake. Tena, baada ya mkato usitumie "that". Tumia "which" au "who". Na kirejeshi (yaani hiyo "who" au "which") hakidondoshwi hapo: "the book I bought" ni sawa, lakini "this book, I bought yesterday, is good" haisimami.

Msaka Sarufi:
Asanteni sana. Na virai vya "-ing" je?

Kalamu ya Mwanzi:
Hapo ndipo penye utelezi. "I saw the teacher carrying a bag": kwa kawaida mwalimu ndiye mwenye mfuko. Ukiweka mkato kabla ya "carrying", kirai kinaweza kuruka hadi kwa "I", na msomaji akabaki njia panda. Kama mfuko ni wako, kipeleke mwanzoni: "Carrying a bag, I saw the teacher."

Kikikaa mwanzoni, kiima kinachofuata mkato ndicho mtendaji. "Walking home, the rain started" inamaanisha mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea. Badili kiima: "Walking home, I was caught in the rain."