Naomba ushauri: mwanga haufuati maji yanayotoka kwenye chupa

Wakuu habari zenu. Nafundisha twisheni ya sayansi nyumbani, vijana wa darasa la saba na kidato cha kwanza. Maabara hatuna, natumia vyombo vya jikoni.

Kupinda kwa mwanga walikuelewa kwa sarafu. Unaiweka ndani ya bakuli, mtoto anarudi nyuma mpaka ukingo uifiche, halafu unamimina maji polepole. Sarafu inaibuka bila kuguswa! Mmoja alipiga kelele hadi jirani akachungulia. Nikawaeleza kwamba hewani mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, ndani ya maji hushuka hadi kama 225,000, ndiyo maana hupinda unapovuka kwa mshazari.

Nimekwama jaribio la pili. Nataka waone mwanga ukinaswa ndani ya maji, kama kwenye nyaya za faiba (zile za intaneti zinazopitisha mwanga ndani yake). Nimetoboa chupa ya lita moja na nusu kwa msumari wa moto, nikamulika kwa tochi ya simu upande unaotazamana na tundu, taa zote zimezimwa. Maji yanachuruzika vizuri, lakini mwanga unaishia pale pale kwenye tundu.

Je, tochi inatawanya mwanga mno? Au ni kingo za tundu, maana plastiki iliyeyuka ikaacha vinundu? Leza naiogopa kwa ajili ya macho ya watoto.

Aliyewahi kufanikiwa anielekeze tafadhali, hasa ukubwa wa tundu. Kipindi ni Jumamosi asubuhi na nimeshawaahidi.