Paka anakula sana lakini anazidi kukonda, nianzie wapi? (Wete)

Mwenye uzi: Assalaam alaykum. Paka jike wa miaka 11. Mwezi wa Shaaban alikuwa kilo 4.1, leo ni 3.2. Anakula kushinda zamani, usiku haachi kulia akitaka chakula, na bakuli la maji halikai. Chakula chake ni dagaa wakavu na wali. Hahari, hutapika mara mojamoja. Kapewa nusu kidonge cha albendazoli ya watu, hali ni ileile. Sasa kuna wanaosema apewe vidonge vya kichocho.

Karafuu: Waalaykum salaam. Weka chini vidonge vyote. Albendazoli inaweza kudhuru uboho wa paka, na uboho ndio unaotengeneza damu. Usirudie. Kidonge cha kichocho, ile prazikwanteli inayogawiwa maskulini, kina miligramu 600. Paka huyo anataka kama 16 tu, yaani 5 kwa kila kilo. Hakuna kisu cha kukata hivyo. Tena inaua tegu, minyoo ya mviringo haiigusi. Tegu utamjua kwa vipande kama punje za mchele vilivyonata kwenye manyoya chini ya mkia, na mara nyingi viroboto hawako mbali, maana ndio wanaombeba.

Gramu 900 kwa paka wa kilo 4 ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya mwili. Hata sehemu moja ya kumi ingetosha kumfikisha kwa daktari wa mifugo. Kwa umri huo, anayekula na kunywa sana huku anakonda nawashuku watatu: kisukari, tezi ya shingo iliyozidi kasi, na figo. Figo naiweka nyuma kwa sababu aghalabu huondoa hamu ya kula.

Bi Mkoani: Kabla ya yote pima maji, ndugu yangu, "anakunywa sana" haimsaidii daktari. Dagaa wa chumvi wenyewe wanatia kiu, kwa hiyo siku mbili mpe samaki wa kuchemsha asiye na chumvi. Kisha funika ndoo zote, mtilie mililita 500 kwenye bakuli. Bakuli jengine kama hilo, maji yaleyale, liweke asipolifikia. Baada ya saa 24 pima yote mawili. Kilichopungua kwenye la pili ni cha jua na upepo, kitoe. Ikizidi mililita 100 kwa kila kilo ya mwili, kuna ugonjwa.

Mkojo: toa mchanga kwenye beseni lake, lioshe, likaushe, tia vipande vya nailoni visivyonyonya. Akishakojoa vuta kwa bomba la sindano, chovya kijiti cha kupimia sukari kinachouzwa duka la dawa, usome kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kipimo cha damu peke yake kinadanganya, kwani paka akishikwa kwa nguvu sukari hupanda kwa hofu.

Mwenye uzi: Shukran. Maji, baada ya kutoa ya jua: mililita 345. Kijiti hakikubadilika rangi.

Bi Mkoani: Basi kwa kilo 3.2 amevuka mpaka, na kisukari kimerudi nyuma.

Karafuu: Zimebaki tezi na figo, na hapa ndipo watu wanapokosea: wanapima moja. Tezi ikizidi kasi hupeleka damu nyingi kwenye figo, kriatinini, taka ya kwenye damu inayopimia kazi ya figo, ikaonekana nzuri wakati figo imeshachoka. Ukianza kuitibu tezi ndipo figo inajitokeza. Muombe daktari apime T4, yaani homoni ya tezi hiyo, na kriatinini kwa damu ileile, na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji pia. Mwambie apapase koo kutoka kidevuni hadi kifuani, tezi iliyovimba huteleza chini ya kidole kama punje ya kunde, na amwangalie meno. Kama kipimo hakipatikani Pemba, damu itenganishwe kwanza, sirumu, yale maji ya damu yanayobaki juu, ndiyo isafiri na boti kwenye chombo cha baridi.

Akisusa chakula siku mbili, usingoje majibu. Paka asiyekula, mafuta humjaa ini, mpeleke siku hiyohiyo.