Naombeni ushauri: tutapimaje kama ngitili (eneo la malisho tunalolifunga kwa msimu ili majani yarudi) imerudisha malisho au ni mvua tu?

NgwanaKishapu: Habari zenu wakuu. Niko huku Kishapu, Shinyanga, ni mjumbe wa kamati ya ngitili kijijini, tulifunga eka 60 na huu ni mwaka wa tatu, mvua zikianza ng'ombe haingii mpaka kiangazi kikikaza ndo tunafungua. Wazee wanasema majani yamerudi ila kuna kundi linasema ni mvua tu ilikuwa nzuri, wanataka tugawane mashamba ya dengu. Mkutano wa kijiji unakuja na mimi nina picha mbili za simu tu. Inaniuma kwa kweli, HASHI (mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga) toka 1986 walihangaika kuzifufua hizi ngitili halafu sisi tuzilime. Tunapimaje bila hela?

Malisho_Kwanza: Mkuu usipime ndani peke yake. Mvua inanyesha ndani na nje, kwa hiyo pima siku hiyohiyo pande zote mbili, udongo uwe wa aina moja. Tembea hatua 100, kila hatua angalia ncha ya kiatu imegusa nini, jani, udongo mtupu au kichaka, andika, hiyo tayari ni asilimia. Halafu tengeneza fremu ya nusu mita kwa nusu mita, irushe sehemu kama 10 bila kuchagua, kata majani, anika mpaka uzito usipungue tena, pima. Wastani wa gramu zidisha kwa 40 unapata kilo kwa hekta.

MamaMbuzi: Naongezea, nje ya ngitili pameliwa zaidi sababu ng'ombe wote mmewasukumia huko, tofauti itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Tafuta na sehemu ya tatu, mbali kidogo.

NgwanaKishapu: Hilo sikuliwaza kabisa. Na wakisema eneo lilikuwa zuri toka mwanzo?

Malisho_Kwanza: Hapo ndo satelaiti inasaidia, picha za Landsat ni bure na zipo za miaka mingi, linganisha mwezi uleule kabla na baada ya kufunga, ndani na nje. Ila ukijani usikudanganye, vichaka navyo ni kijani na ng'ombe havili, lazima ushuke chini uone kama ni nyasi za kudumu au zile za msimu mmoja.

NgwanaKishapu: Asanteni sana, Jumamosi naingia na vijana wawili kabla hatujafungua, fundi kaniahidi nondo za fremu.