Tupeane uzoefu: mbao za kukarabati randa na misumeno ya zamani mlizitoa wapi?

Fundi wa Kondele
Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Nina randa ya mbao, chombo cha kulainishia mbao, aliyoniachia marehemu babu, kazi ya Uingereza. Mdomo, ule mwanya anaotokea kisu upande wa chini, ulikuwa umepanuka kwa kulika, ikawa inang'oa nyuzi badala ya kuzikata. Ilitaka kiraka upande wa chini.

Kwanza nilitia mvule, kwa kuwa ndio uliokuwa karakana. Kumbe kipande kile kilikuwa na jiwe ndani, yale mabaka meupe magumu kama chokaa, na patasi ikapoteza makali papo hapo. Rangi nayo ilikataa. Nilikitoa kwa uchungu, maana randa ile naipenda.

Randa za aina hii zilichongwa kwa biichi, mti wa Ulaya ambao sijauona kwenye yadi yoyote ya mbao hapa. Niliupata Jumapili moja Kibuye, kwenye rundo la viti vilivyovunjika: miguu ya kiti cha zamani, kile cha mbao zilizopindwa kwa mvuke. Nilikwangua vanishi kwa kisu, nikaona vistari vifupi vya hudhurungi vimetapakaa kama punje za wimbi. Moyo ukatulia. Shilingi mia moja tu, na mbao imekauka miaka na miaka!

Kabla ya kugundisha, tazama kichwa cha randa. Duara za mti zinaonyesha upande wa gome umeelekea chini. Kiraka nacho kilaze vivyo hivyo, kipanuke na kusinyaa pamoja na mwenziwe. Haya, nanyi semeni.

Seremala Nakuru
Asante fundi. Yangu ni randa ya chuma, Stanley namba 4; mpini wa nyuma ulivunjika pembe ya juu. Ule ulikuwa wa rozwudi ya Brazili, mti ambao biashara yake ya kimataifa ilibanwa vikali mwaka 1992, kwa hiyo sikupoteza muda kuutafuta. Nilichonga mpya kutoka rungu kuukuu la mzeituni mwitu. Ni mzito, una michirizi myeusi, na ukipakwa mafuta ya kitani unakaribia sana.

Kosa langu lilikuwa nyuzi. Nilizisimamisha wima kufuata umbo la mpini, na pembe ikakatika wiki ya pili. Nyuzi zilale sambamba na chuma cha chini. Wa pili ninao hadi leo.

Mama Patasi, Kakamega
Ndugu zangu, kwa patasi mimi sihangaiki kulinganisha. Mpini wa patasi unapigwa nyundo, ni kitu cha kubadilishwa. Natumia siala, mti wa huku kwetu, au mpera wa shambani. Mpera wangu uliangushwa na upepo; nilipaka nta kwenye vichwa usipasuke, nikauacha kivulini zaidi ya mwaka. Mbao za msitu wetu sigusi, hata niletewe bure.

Fundi wa Kondele
Mama, kwa patasi nakubali. Ila mpini wa msumeno je? Ule wa kuchongwa maua?

Mama Patasi, Kakamega
Huo hapana, huo urudi kama ulivyokuwa. Wangu ni wa mtufaha. Nilitia kipande cha mpera mahali pembe ilipokatika. Uzito unafanana na nyuzi zake ni laini vilevile, ila ulikuwa mweupe mno.

Kijana wa Bondo
Shikamoo mama. Kwa weupe, paka chai ya strungi iliyokolea, iache ikauke. Kisha loweka misumari yenye kutu kwenye siki siku kadhaa, chuja, paka juu yake kidogo kidogo. Mbao inageuka hudhurungi hadi nyeusi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, kwa sababu ikishakolea hairudi.

Mama Patasi, Kakamega
Marahaba mwanangu. Nitaijaribu Jumamosi.

Seremala Nakuru
Nyongeza kwa wenye mbao za mafuta kama rozwudi au mpingo: futa kwa spiriti kabla tu ya kutia gundi. Yangu ilibanduka mara mbili kabla sijaelekezwa.

Fundi wa Kondele, kile kiti kilikuwa na miguu mingapi? Nina randa ya mbao ambayo kabari yake, ile inayobana kisu, ilipotea.

Fundi wa Kondele
Imebaki miwili, mkuu. Mmoja ni wako, nitaupeleka steji kesho asubuhi.