Mzee ana Parkinson, kiatu kinanasa kwenye tailizi. Anunuliwe kipi?

Muulizaji, Moshi
Shikamooni wakubwa. Mzee ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na mwili kuwa mzito, na anatembea kwa kuburuza miguu. Raba za mtumba kutoka soko la Memorial zina soli nene ya mpira. Akiingia kwenye tailizi ncha inanasa, mwili unatangulia mbele. Kandambili ndiyo usiseme. Akifika mlangoni miguu inaganda kabisa.

Jibu la 1
Marahaba. Kinachomwangusha ni huo mpira laini. Vidole vyake vinapita karibu sana na sakafu, kwa hiyo soli ikishika ghafla anakwenda kifudifudi. Lakini msikimbilie soli inayoteleza, tope la masika halina huruma. Tafuteni kiatu chepesi, kisigino kipana kisichozidi sentimita 2.5, soli nyembamba na ngumu kiasi. Bana nyuma ya kisigino kwa kidole gumba: kikibonyea, rudisha. Kikunje pia; kipinde penye mzizi wa vidole, sio katikati. Velkro ni bora kuliko kamba kwa mikono inayotetemeka. Apimie jioni, amesimama.

Jibu la 2, Arusha
Hizo raba msitupe. Fundi asage ncha ya soli iinuke kama sentimita 1, halafu abandike ngozi nyororo kwenye sentimita 3 za mbele. Kisigino kibaki mpira, ndiyo breki. Mafundi wengi wanakosea hapa: wanabandika ngozi juu ya soli bila kuchonga kwanza, pale inapoishia panabaki kidato, na kidato hicho kinanasa kuliko hata mwanzo. Achonge kina sawa na unene wa ngozi. Viatu vyote viwili, hata kama mguu mmoja ndio unaoburuza zaidi.

Jibu la 3
Kuganda mlangoni soli haitibu, dada. Bandikeni tepu ya rangi tofauti na tailizi, ikatishe njia, kila sentimita 40 hadi 50, kabla na baada ya kizingiti. Avuke mstari, asiukanyage. Uholanzi mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Twente na Radboud walijaribu viatu vya leza kwa wagonjwa 19: mguu uliokanyaga unachora mstari mbele ya mguu unaofuata. Kuganda kulipungua kwa asilimia 46. Tepu inafuata kanuni hiyohiyo.

Akiganda msimvute mkono, ataanguka. Asimame, ahamishie uzito mguu mmoja, ndipo avushe wa pili.

Muulizaji
Asanteni sana. Na kabla ya dozi, anapokuwa mzito zaidi?

Jibu la 3
Mjaribisheni kiatu mara mbili: dawa ikiwa imekolea, na ikikaribia kuisha. Kikimfaa saa ile nzuri tu, hicho sio chake. Hapo hospitali ya KCMC muulizieni mtaalamu wa fiziotherapia amwone akitembea nacho.