Nimeitwa kituoni na simu yangu, na ndani yumo aliyenipa habari. Nifanyeje?

Kalamu ya Ziwa
Wakuu, naombeni ushauri wa haraka, hasa wanasheria na waandishi wenzangu.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, Kanda ya Ziwa hapa Tanzania. Wiki mbili zilizopita niliandika habari ya dawa zilizosainiwa kuwa zimepokelewa zahanati, ilhali rafu ni tupu. Jana mpelelezi kanipigia: Jumatatu saa tatu asubuhi nifike kituoni, "na simu yako uje nayo". Karatasi hakuna.

Ndani ya simu kuna picha ya hati ya mapokezi niliyotumiwa na mtumishi wa pale. Gazetini tuliikata pembeni, lakini ile kamili inaonyesha kidole gumba chake kimeshika karatasi, ukucha una hina iliyofifia nusu. Kazini kwao anayepaka hina ni yeye peke yake. Ana watoto watatu. Nilimwahidi kwamba jina lake halitatoka kinywani mwangu.

Tangu usiku nimeshika simu nataka kufuta kila kitu. Nifute?

Wakili wa Wanyonge
Usifute! Pole sana ndugu yangu, naelewa hofu yako, lakini umeshaitwa. Kufuta data kwa nia ya kukwamisha upelelezi ni kosa linalojitegemea, kifungu cha 22 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Utakuwa umewapa kesi ambayo leo hawana.

Wito usiupuuze, nenda, ila usiende peke yako. Simu ni jambo jingine. Kifungu cha 31 kinamruhusu mkuu wa kituo kutoa amri ya kupekua na kukamata kifaa bila kupita kwa hakimu. Kwangu mimi hapo ndipo sheria ilipojeruhi kazi yenu. Hata hivyo inatakiwa amri, na maneno ya mpelelezi kwenye simu si amri. Mwombe aionyeshe, wakili wako aisome.

Mzalendo77
Mkuu wakili, kwa hiyo wakija na amri anyooshe mikono, yule mama afukuzwe kazi? Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2015 si ipo?

Wakili wa Wanyonge
Ipo, lakini inamlinda anayepeleka taarifa kwenye mamlaka husika. Huyu alipeleka kwa mwandishi.

Hoja yenye nguvu ni Katiba, ibara ya 16 na ya 18, pamoja na Azimio la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu la 2019, kanuni ya 25: mwandishi asilazimishwe kumtaja mtoa habari ila kwa amri ya mahakama, baada ya kusikilizwa kwa haki, kwa kosa zito, na pale ambapo taarifa haipatikani kwingine. Waganda wameliandika hili ndani ya sheria yao ya wanahabari: ama mtoa habari aridhie, ama mahakama iamuru.

Sitakudanganya kwamba kukataa ni bure. Maxence Melo, mwanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtoza faini ya shilingi milioni 3. Zaidi ya miaka mitatu ya kupanda na kushuka mahakamani.

Mama Mhariri
Mwanangu, nimekaa chumba cha habari miaka mingi. Mhariri wako anajua umeitwa? Mpigie sasa hivi, habari ni ya gazeti, si yako peke yako. Kisha klabu ya waandishi ya mkoa wako, na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu (THRDC), wana mawakili kwa mambo kama haya.

Na ile picha kamili, nani mwingine anayo?

Kalamu ya Ziwa
Niliituma kwenye grupu la dawati la habari la gazeti. Watu kumi na moja.

Mama Mhariri
Basi simu yako siyo mlango pekee. Hilo mwambie wakili kabla ya jambo lolote.

Fundi Mitandao
Naongezea. Hata wasipoigusa simu yako, kampuni ya simu ina kumbukumbu za nani alimpigia nani, lini na kwa dakika ngapi, na laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Usimpigie huyo mama sasa kumtuliza, mkuu. Simu moja ya leo usiku inawaunganisha.

Kalamu ya Ziwa
Asanteni sana wakuu. Sikufuta. Mhariri amepata wakili, tunaonana Jumapili jioni. Huyo mama amenipigia mara mbili tangu asubuhi, sijapokea. Inaniuma, maana hajui kwa nini nimenyamaza. Nikitoka kituoni nitarudi hapa.