Lugalo ya Iringa, ule mnara wa pembeni ya barabara ni wa nani?

Dereva wa Semi
Wakuu, habari za saa hizi. Mwaka wa tisa huu napeleka mzigo Tunduma. Ukitoka Dar, ukishaimaliza Kitonga, maeneo ya Ilula kabla hujaingia Iringa mjini kuna mahali panaitwa Lugalo, na kuna mnara. Miaka yote naupita tu, maana ukiwa na tani 30 nyuma husimami ovyo. Wiki iliyopita tairi likapasuka jirani na hapo. Tingo anahangaika na jeki, mimi nikamuuliza mama muuza nyanya, kile ni kitu gani? Akasema ni cha Wazungu waliokufa. Nikauliza, walipata ajali? Alicheka mpaka akakalia ndoo yake. "Ajali ndiyo, baba. Ajali ya mikuki." Basi likasimama, akakimbilia madirishani na nyanya zake, mimi nikabaki na jeki. Mwenye kujua anieleze.

Mkazi wa Mwenge
Kumbe kuna Lugalo mbili? Mimi najua hii yetu ya jeshi, tunakoenda hospitali.

Mwalimu Mstaafu
Kamwene, vijana. Wa Mwenge, hiyo yenu ni mtoto, ya kwetu ndiyo mama. Kambi hiyo zamani iliitwa Colito, jina la pigano la Waingereza huko Ethiopia. Ilikuja kubatizwa Lugalo baada ya maasi ya wanajeshi ya 1964.

Dereva, yule mama kakwambia kweli. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Wajerumani ulikuwa unakuja kumtia adabu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Kiongozi wao, Emil von Zelewski, watu walimpachika jina la Nyundo. Ndiye huyohuyo aliyewavuruga watu wa Pangani 1888 mpaka vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vikawaka. Wakawa wanatembea mstari mrefu, mmoja nyuma ya mwenzake, Wahehe wamelala majanini na nyuma ya mawe. Ilipolia bunduki moja, wakainuka wote. Hebu pima mwenyewe: bunduki zile nyingi ni za kujaza risasi moja moja, na mwenye mkuki yuko hatua 30 kutoka kwako anakuja mbio. Utapiga mara moja, ukibahatika mbili. Mambo yaliisha ndani ya dakika chache. Nyundo akafia hapo, pamoja na Wazungu wengine kadhaa na askari weusi zaidi ya 200, wengi wao Wasudani na Wazulu wa kukodishwa. Na Wahehe nao walikufa wengi, ingawa kwenye vijiwe vyetu hilo hatulitaji.

Huo mnara waliujenga Wajerumani kwa ajili ya watu wao. Ndiyo maana nikiupita huwa natabasamu. Vita tulishinda sisi, jiwe ni lao.

Dereva wa Semi
Shikamoo, mwalimu. Halafu ikawaje?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Walirudi. Tarehe 30 Oktoba 1894 wakaivunja ngome ya Mkwawa ya Kalenga kwa mizinga. (Jina Iringa lenyewe linatokana na *lilinga*, yaani ngome.) Mkwawa akawasumbua porini karibu miaka minne, kichwa chake kikitangaziwa zawadi ya rupia 5,000, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi ili wasimshike hai. Wakakikata kichwa kikaenda Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu, namba 246, kinachotaka fuvu hilo lirudishwe, ndani ya miezi sita! Lilirudi tarehe 19 Juni 1954. Gavana Mwingereza, Twining, alimkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye mlimjua kama Spika wa Bunge.

Fuvu liko Kalenga, kwenye kisanduku cha kioo. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi wa darasa la tano. Kioo kinajaa alama za vidole na pua, kila mtoto anataka kuhesabu meno. Mwaka mmoja binti mdogo hakusogea kwenye kioo. Akaniuliza, "Mwalimu, na mwili?" Nikamwambia uko Mlambalasi. Akafikiri. "Sasa siku ya kufufuka watakutania wapi?" Nikawaambia wapande gari.

Mkazi wa Mwenge
Nimepita geti hilo la Lugalo maisha yangu yote, wala sikuwahi kujiuliza.

Dereva wa Semi
Ijumaa napanda tena. Safari hii nasimama, hata bosi apige simu mara kumi. Mwalimu, gari niliweke wapi?

Mwalimu Mstaafu
Liache Ilula kwenye maegesho, upande bodaboda. Pale kwenye kona usithubutu. Na yule mama mnunulie ndoo nzima. Somo la kwanza alikufundisha yeye, tena bure.